Uzi maalumu: Kuyafaidi maisha ya kila siku ya Waitaliano ukiwa mwanafunzi

Mwanakagera (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ifikapo Julai na Agosti jukwaa hujaa maswali ya wanaokwenda kusoma Italia: tovuti ya maombi ya Universitaly, ufadhili wa mkoa, viza, kibali cha kukaa. Maswali ya lazima hayo, na yana nyuzi zake. Ambacho sijakiona ni uzi wa kinachofuata ukishapata chumba na masomo yakaanza, yaani namna ya kuishi kule ukafurahi. Nimewaona vijana wetu wanamaliza miaka miwili ya shahada ya uzamili wakijua njia tatu tu: chumbani, darasani, na kwenye kibarua cha kupeleka chakula kwa baiskeli. Wakipata fedha kidogo wanakimbilia Venezia au Milano, wanapiga picha, wanarudi kulala. Inaniuma, kwa sababu utamu wa nchi ile uko mtaani kwako hapo hapo, na mwingi ni wa bure au wa senti.

Mimi ninasoma Bologna, kwa hiyo nitazungumzia huko zaidi. Mlioko miji mingine mtaongeza.

Msimamo wangu ni huu. Italia kila kitu kina saa yake na mahali pake, na Waitaliano wanapenda kurudia. Baa ileile, mhudumu yuleyule, genge lilelile la mboga, benchi lilelile jioni. Ukitaka kuingia kwenye maisha yao, chagua mahali pachache, urudi hapo mpaka ujulikane. Anayehangaika kutafuta sehemu mpya kila siku atabaki mtalii hata akikaa miaka mitano.

Nianze na kahawa, maana ndiyo mlango.

Baa ya Italia si baa ya bia tunayoijua sisi. Hufunguliwa alfajiri. Watu hupita kabla ya kazi wakanywa kahawa na andazi lao tamu, wazee wakafunua gazeti la baa, mafundi wakaingia na viatu vyenye vumbi la saruji. Ukisema "un caffè" unapewa espresso, kikombe kidogo cha mililita 25 hivi zilizosukumwa kwa mgandamizo kupita kwenye gramu 7 za kahawa kwa muda usiofika nusu dakika. Inanyweka kwa kusimama kaunta, mafunda mawili matatu imekwisha. Kusimama kuna bei yake na kukaa mezani kuna bei yake, na karibu na uwanja mkuu ya mezani inaweza kuwa maradufu. Kaunta ni kama euro moja na senti 30. Cappuccino ni kinywaji cha asubuhi. Hakuna atakayekukataza kuiagiza baada ya chakula cha mchana, ila wao huona maziwa juu ya tumbo lililoshiba ni mzigo, na ukishazoea utaona wana hoja.

Sisi tuliozoea kahawa chungu ya barazani, birika juu ya makaa na kashata pembeni, hatushtuki na udogo wa kikombe wala ukali wake. Tofauti ni muda tu: barazani unakaa mpaka siasa zote ziishe, pale kaunta mazungumzo ni ya dakika tatu. Ila ni dakika tatu za kila siku, na watu ni walewale. Mvua, mpira, treni iliyochelewa. Baada ya muda mhudumu anakuuliza "il solito?", yaani ile ya siku zote? Kuanzia hapo Kiitaliano chako kinakua haraka kuliko cha darasani, kwa sababu sasa kuna mtu anayetaka kujua mtihani ulikwendaje.

Na kuna jambo linalonigusa mimi kama mtu wa Kagera. Michanganyiko mingi ya espresso, hasa ile ya kusini, hutiwa kahawa ya aina ya robusta, kwa kuwa inaleta ukali na lile povu zito la kahawia juu ya kikombe. Italia ndiyo mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda, na robusta ya Bukoba nayo husafirishwa kwenda huko. Mhudumu wa baa yangu alipojua kuwa kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, alisimamisha kazi akaita wateja wengine waje wasikie. Nilizileta niliporudi likizo, wakazionja palepale kaunta, wakabishana vizuri sana kuhusu ladha. Kama unatoka Kilimanjaro, Mbinga, Rungwe au Bukoba, beba kahawa ya kwenu. Zawadi inayofungua milango kuliko hiyo siijui.

Nyumbani utaikuta moka, birika la alumini la pande nane ambalo Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933. Karibu kila chumba cha kupanga kina moja iliyoachwa na mpangaji aliyepita. Maji yasipite ile vali ndogo ya pembeni, kahawa usiishindilie, moto uwe mdogo, na uiondoe jikoni mara inapoanza kukoroma. Usiioshe kwa sabuni mbele ya mwenzako Mwitaliano kama unataka amani ndani ya nyumba.

Naendelea chini.

Mwanakagera

Kutembea.

Kuna saa, kati ya kumi na mbili na mbili usiku, ambapo mji mzima hutoka nje. Wanaiita passeggiata. Hakuna anakokwenda mtu. Bibi kashikwa mkono na mjukuu, vijana wana aiskrimu, mzee kavaa koti zuri na viatu vilivyong'arishwa ili avuke uwanja mara nne tu. Watu husimama katikati ya njia kusalimiana, na anayetaka kupita huzunguka bila kukasirika. Bologna mwishoni mwa wiki barabara kubwa za katikati hufungwa kwa magari, watu wanajaa Via Rizzoli na Via dell'Indipendenza kutoka ukuta hadi ukuta. Toka nawe. Usiwe na simu sikioni.

Bologna ina bahati moja kubwa kwa mtembeaji: vibaraza vyenye paa, portici, zaidi ya kilomita 60 ukijumlisha vyote, ambavyo UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Mvua ikinyesha hushiki mwavuli. Asili yake inatuhusu sisi wanafunzi moja kwa moja. Chuo kinahesabu umri wake kuanzia 1088, na mji ulipofurika wanafunzi na wahamiaji, wenye nyumba walirefusha vyumba vya juu vikaning'inia juu ya njia, halafu wakaviwekea nguzo chini. Mwaka 1288 mji ukatoa sheria kwamba nyumba mpya zijengwe na kibaraza, kirefu kiasi cha kupitisha mtu aliyepanda farasi. Ardhi ni ya mwenye nyumba, njia ni ya watu wote. Nenda Strada Maggiore, pale Corte Isolani, ukaone nguzo za mbao za zama hizo zikiwa bado zimebeba nyumba. Shida ya chumba cha mwanafunzi Bologna ina umri wa karne nane, na kwa kweli bado haijaisha.

Kibaraza kirefu kuliko vyote kinaanzia Porta Saragozza kinapanda mpaka kanisa la San Luca juu ya kilima, karibu kilomita 4, matao 666. Wakazi wanapanda kwa mazoezi, kwa nadhiri, kwa mazungumzo, wengine na mbwa wao. Kila mwaka karibu na sikukuu ya Kupaa, picha ya Bikira Maria huteremshwa kutoka kule hadi kanisa kuu la mjini, hukaa siku kadhaa, kisha hurudishwa. Hata kama si Mkatoliki, simama njiani siku inapoteremka. Utaona mji ambao mchana unajidai hauna dini ukipiga ishara ya msalaba.

Mambo madogo ya bure: chini ya Palazzo del Podestà kuna kuba ambalo mkisimama kwenye pembe mbili zinazotazamana, mmeupa mgongo uwanja, mnanong'onezana ukutani na kusikilizana vizuri. Maktaba ya Salaborsa, palepale Piazza Maggiore, iko ndani ya jengo lililokuwa soko la hisa. Sakafu ya katikati ni kioo na chini yake unaona mabaki ya Bononia, yaani Bologna ya enzi za Warumi. Kadi ni bure, kuna joto wakati wa baridi, kuna magazeti na filamu. Na majira ya joto Cineteca, taasisi ya filamu ya mji, huweka skrini kubwa Piazza Maggiore, filamu kila usiku, bila kiingilio. Unakuta maelfu ya watu wamekaa mpaka kwenye ngazi za kanisa la San Petronio wanatazama filamu ya miaka ya hamsini kimya kabisa. Kwangu hakuna jambo zuri kuliko hilo katika mji ule.

Tena msiwasahau wazee wanaosimama kutazama ujenzi, mikono nyuma, wakitoa maoni juu ya kazi ya mafundi. Bologna wanaitwa umarell. Simama pembeni ya mmoja uulize, "Wanajenga nini hapa?" Utapata somo la historia ya mtaa tangu vita, kwa Kiitaliano cha polepole, bila ada.

Pwani_Kaskazini

Umeandika ukweli mtupu, ndugu yangu. Mimi wa Malindi, niko Padova mwaka wa pili. Kwetu Kiitaliano tumekisikia tangu utotoni, maana Waitaliano wamejaa pale, kuna majumba yao, maduka yao, aiskrimu yao, na kituo chao cha anga cha Broglio kiko pale Ngomeni. Nikajua nikifika nitakuwa nyumbani. Lakini Mwitaliano wa likizo na Mwitaliano wa Jumanne asubuhi ni watu wawili. Yule wa likizo anakutafuta. Huyu wa Jumanne unamkuta kwenye utaratibu wake, na ukiuheshimu utaratibu wake anakuingiza taratibu.

Utaratibu wenyewe unaanza na salamu. Ukiingia dukani, kliniki, hata kwenye lifti, sema buongiorno kabla ya jambo lolote, na buonasera baada ya mchana. Mtu mzima usiyemjua umwite "Lei", ile "wewe" ya heshima, usimwite "tu", ile "wewe" ya kirafiki, mpaka mwenyewe akuruhusu. Ukialikwa kwa mtu, ukifika kizingitini unasema "permesso" ndipo unaingia hata kama mlango uko wazi na mwenyeji amekwisha kukukaribisha. Mimi hilo lilinifurahisha sana, maana ndivyo nilivyolelewa, hodi kwanza.

Padova mje muone sherehe za kuhitimu. Chuo ni cha 1222. Siku ya kutetea tasnifu ukoo mzima unakuja umevaa, anatoka mlangoni mhitimu anavishwa taji la majani ya mti wa laurel, halafu marafiki wanambandikia ukutani papiro, bango kubwa lenye katuni yake na maisha yake yote kwa mashairi ya vina. Analisoma kwa sauti barabarani, akikosea anakunywa. Wapita njia wanasimama kupiga makofi. Rafiki yangu mmoja alipohitimu, nyanya yake aliyetoka kijijini alinishika mkono muda wote, akanipa peremende kutoka mkobani kama mjukuu wake mwingine.

Jioni za joto kila mtu yuko Prato della Valle, uwanja mkubwa wenye sanamu 78 zimezunguka mfereji. Nunua tikiti maji, kaa kwenye nyasi, umemaliza.

Binti_Unguja

Asalaam alaykum nyote. Uzi mzuri, Mwanakagera, shukrani. Mimi nakuja Bologna Septemba inshallah. Lakini naona starehe yao nyingi iko kwenye nguruwe na mvinyo. Mwislamu afanyeje asiishie kula wali chumbani?

Mwanakagera

Waalaykum salaam dada, na karibu sana. Swali lako ni la msingi, na Bologna ndiyo mahali pa kuliuliza, kwa sababu mji huu unaitwa la grassa, mnono, na unono wenyewe mwingi ni nguruwe. Nimeishi nyumba moja na kaka wa Morocco na dada wa Senegal, kwa hiyo hili nimelijifunza mezani.

Vya kuepuka ambavyo havijitangazi: ragù, mchuzi wa nyama wa Bologna, ina nyama ya ng'ombe pamoja na pancetta, ambayo ni nyama ya nguruwe, na mvinyo ndani. Tortellini, zile tambi ndogo zilizojazwa, zina nguruwe, pamoja na prosciutto na mortadella ambazo nazo ni za nguruwe. Piadina, ule mkate mwembamba wa Romagna, kwa asili unakandwa na mafuta ya nguruwe yanayoitwa strutto. Omba ya mafuta ya zeituni, siku hizi wengi wanayo. Crescentine, vimkate vya kukaanga, hukaangwa kwenye strutto. Tiramisù, kile kitamu cha baada ya chakula, baadhi hutiwa marsala, ambayo ni mvinyo. Aiskrimu ya malaga na ya zuppa inglese zina pombe. Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo hilo uamue kwa msimamo wako.

Sasa starehe yako. Tortelloni, zile kubwa, hujazwa jibini laini la ricotta na kotimiri au mchicha, huliwa na siagi na majani ya sage. Passatelli, tambi nene za chenga za mkate, unaweza kuzipata kwa mchuzi wa mboga. Kuna bucha za halali kadhaa mjini, na kwa hiyo ragù utaipika mwenyewe: kitunguu, karoti, seleri iliyokatwa ndogondogo, nyama ya ng'ombe ya kusaga, nyanya kidogo tu, maziwa badala ya mvinyo, moto mdogo kwa saa mbili au zaidi. Wabolognese wana mapishi rasmi yaliyosajiliwa kwenye chemba ya biashara tangu 1982 na kurekebishwa 2023, lakini kila nyumba ina yake, na hakuna atakayekasirika na sufuria yako ya halali. Atakasirika ukiiweka juu ya spaghetti. Hapa ragù inaendana na tagliatelle, utepe wa mayai wenye upana wa milimita 8 ukishaiva. Kuna kipimo chake cha dhahabu kimehifadhiwa tangu 1972.

Tagliatelle zenyewe ni unga gramu 100 kwa yai moja, basi. Wanawake wanaozisukuma wanaitwa sfogline, na wapo wenye maduka yenye dirisha ambapo unawaona kazini asubuhi. Mimi nilifundishwa na jirani wa ghorofa ya chini, mama wa miaka sabini na kitu, baada ya kumpandishia mifuko yake ya sokoni. Anapenda wageni wanaouliza. Wengi wa umri wake wanapenda.

Kuhusu aperitivo: ni saa ya kukaa na marafiki kabla ya chakula cha usiku, unaagiza kinywaji kimoja na unaletewa vitafunio. Agiza crodino au chinotto, havina pombe, vina ule uchungu wanaoupenda. Hakuna atakayekuuliza kwa nini. Ramadhani ukifika, waambie wenzako wa nyumba mapema. Kaka wetu wa Morocco alikuwa anafuturu na meza nzima ya Waitaliano wakimsubiri jua lizame, tende katikati.

Mpanda_Baiskeli

Mkuu, nakuheshimu lakini wengine tuko huku kupambana. Nasoma, nafanya kibarua, natuma nyumbani. Muda wa kuangalia wazee wakitazama ujenzi naupata wapi?

Mwanakagera

Nakuelewa kabisa ndugu, na sikudharau. Kibali cha masomo kinaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki, na wengi mnazitumia zote. Lakini angalia nilichosema: kahawa ya kaunta ni dakika tano. Kununua mboga ni lazima ununue. Tofauti ni wapi na namna gani. Ukinunua supermarket utavaa glavu ya plastiki, utapima mwenyewe, utabandika kibandiko, utatoka hujasema neno. Ukinunua kwa mtu mmoja Mercato delle Erbe, yeye ndiye anayekuchagulia, maana kushika matunda ya mtu kwa mkono ni utovu wa adabu. Atakuuliza tikiti ni la leo au la kesho. Atakwambia cheri za Vignola zimefika, subiri wiki bei ishuke. Asparaga wakati wa masika, nyanya za maana Julai, maboga na njugu za chestnut vuli inapoingia. Jumamosi anapokaribia kufunga atakujazia mfuko wa vilivyolainika kwa bei ya kutupa. Hapo umeokoa fedha, umekula vizuri, na umejifunza lugha.

Halafu, hili nalisema kwa upendo: mtu anayepambana bila kufahamiana na mtu anachoka haraka zaidi. Nimewaona.

Dada_wa_Ferrara

Naunga mkono. Mimi niko Ferrara, mji wa baiskeli. Kila mtu anaendesha, profesa, padri, bibi wa miaka themanini na mkate kwenye kikapu. Kuta za mji zina mzunguko wa kilomita 9 hivi na juu yake kuna njia chini ya miti. Nikitoka darasani nazunguka mara moja kabla ya kwenda kazini, kichwa kinatulia.

Niongeze jambo la treni. Achaneni na zile za kasi. Treni ya mkoa, Regionale, kutoka Bologna hadi kwetu ni kama nusu saa kwa euro chache. Ravenna nako panafikika, nenda ukaone michoro ya vijiwe vya rangi ya karne ya 5 na ya 6, na kaburi la Dante aliyefia pale 1321. Ila tiketi ya karatasi uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda. Mkaguzi hasikilizi maelezo.

Naomba pia tuseme ukweli kwa wanaokuja. Kuna siku utakaa kwenye basi na kiti cha pembeni kikabaki wazi. Kuna mwenye nyumba atakayekwambia chumba kipo, akisikia lafudhi kimechukuliwa. Mimi limenikuta hilo mara kadhaa, na liliniumiza.

Mwanakagera

Asante dada kwa kulisema. Ni kweli, na mtu asije akidhani uzi huu unaficha. Chumba changu nilikipata kwa sababu mhudumu wa baa alimpigia simu binamu yake akamwambia huyu namfahamu. Sikupaswa kuhitaji mdhamini wa namna hiyo, na nina hasira na jambo hilo hadi leo. Lakini ndivyo nchi ile inavyokwenda hata kwa Waitaliano wenyewe wanaotoka kusini: mtu humwamini anayeletwa na mtu. Ndiyo maana nasisitiza kurudi mahali palepale. Na anayekutukana mjibu au mpuuze, utakavyoona salama, ila usimpe jioni yako.

Kuhusu mtihani, sijaona mtu amegusia. Mingi ni ya mdomo. Unakaa mbele ya profesa, wenzako wamekaa nyuma wanasikiliza, kwa sababu kisheria ni hadharani. Alama ni juu ya 30, kufaulu ni 18, na ukipewa usiyoridhika nayo mara nyingi unaweza kuikataa urudi siku nyingine. Nenda ukasikilize ya wengine kabla ya zamu yako. Utajifunza namna Mwitaliano anavyojenga hoja kwa mikono, uso na sauti, na baadaye mtaenda wote kunywa kahawa, aliyefaulu analipa. Kipindi nacho huanza robo saa baada ya muda ulioandikwa, ni desturi ya chuo, kwa hiyo dakika hizo kumi na tano ni za kibarazani Via Zamboni. Mnara wa Asinelli wanafunzi hawaupandi kabla ya kuhitimu, wanasema hutahitimu. Kwa sasa wala usijisumbue kuwaza, tangu Oktoba 2023 eneo lile limezungushiwa uzio kwa sababu mnara jirani yake, Garisenda, umeinama mno.

Pwani_Kaskazini

Na mpira, mkuu! Umeusahau mpira.

Mwanakagera

Mpira siwezi kuusahau. Mei 2025 Bologna waliifunga Milan moja bila wakachukua Coppa Italia, mara ya kwanza tangu 1974. Usiku ule watu wa rika la babu yangu walikuwa wanalia barabarani, wananikumbatia bila kuniuliza natoka wapi. Mhudumu wetu wa baa alifungua asubuhi bila sauti, imekauka kabisa, anatoa kahawa kwa ishara. Chagueni timu ya mji mnaoishi. Juve na Inter mtazikuta kokote.

Kabla sijafunga, neno kuhusu Agosti. Mji unakuwa mtupu, milango ina karatasi "chiuso per ferie", na tarehe 15, Ferragosto, hata mkate ni wa kutafuta. Waliobaki mjini husogeleana, na huo ni wakati mzuri wa kualikwa. Lakini tarehe 2 Agosti usilale. Mwaka 1980 bomu lililipuka kwenye chumba cha kusubiria cha stesheni, likaua watu 85. Saa ya ukutani pale nje imeachwa ionyeshe saa 4 na dakika 25 asubuhi. Kila mwaka watu hutembea kutoka katikati ya mji hadi stesheni, na dakika hiyo ikifika wote hunyamaza. Nenda ukasimame nao. Mji unaokulisha ujue na maumivu yake.

Binti_Unguja

Nimesoma yote, nimeandika kwenye daftari. La mwisho: wiki ya kwanza nifanye nini kwanza?

Mwanakagera

Kwanza kibali, dada. Una siku 8 za kazi tangu kuingia. Chukua bahasha ya maombi posta, ile posta kubwa yenye dirisha la Sportello Amico, nunua stempu ya ushuru ya euro 16 kwenye duka la tumbaku, jaza, peleka. Risiti wanayokupa itunze kama pasipoti.

Siku hiyohiyo fungua kadi ya Salaborsa. Kisha jiandikishe Kiitaliano. Chuo kina madarasa, lakini nenda pia CPIA, shule za serikali za watu wazima, zinafundisha kwa ada ndogo sana na utakaa darasani na mama wa Bangladesh na kijana wa Peru. Usajili huanza Septemba na nafasi hujaa upesi.

Kahawa usinywee sehemu ya watalii. Ingia baa iliyo karibu na mlango wako, hata kama ni mbaya wa sura. Na leta karafuu, nyingi. Jirani yangu yule wa tagliatelle huchomeka kwenye kitunguu cha supu, na za dukani hapa hazina harufu.

Ijumaa na Jumamosi kuna gulio la nguo Piazza VIII Agosto, wanaliita Piazzola. Ukifika niandikie ujumbe wa faragha, mimi na wenzangu tutakupeleka ukapate koti la baridi la bei nafuu kabla Novemba haijaingia.